Uji wa Marko

— Hodi. Namtafuta mgambo anayeitwa Marko.

Cecilia aliinua uso kutoka kwenye jiwe la kusagia. Mlangoni alisimama mwanamke asiyemjua, mtoto mgongoni, vumbi mpaka kwenye kope. Nyuma ya nyumba shoka likanyamaza. Marko, aliyekuwa akipasua kuni za harusi yao ya kesho, alikuja, akamwona mgeni, akainamisha macho.

Mgeni aliitwa Luciana. Alieleza bila kulia. Wakati wa kuhamia kijiji cha Ujamaa, Marko ndiye aliyewapakia watu wa kwao. Lori likajaa. Mama mkwe wa Luciana, asiyeweza kutembea, akaachwa ndani ya nyumba yao ya tembe, na Luciana akabaki naye.

— Ulimshika mkono ukamwambia, "Bibi, kesho narudi." Mpaka leo anasikiliza lori. Na chakula kimetuishia.

— Lori lilipelekwa kwingine, Marko akasema.

— Na miguu yako je? Cecilia akamuuliza.

Marko akasema angekwenda kumchukua bibi. Mchungaji alikuwa ameshafika kwa baiskeli kutoka Kiomboi, na kesho baada ya ibada angeondoka. Mwaka ule wa njaa hakuna aliyejua angerudi lini. Kwenda na kurudi ni siku mbili. Mzee Alute, baba yake Cecilia, hakutaka kusikia. Uwele wa harusi aliutunza kwenye kilindo cha magome huku watu wa nyumbani mwake wakilala njaa.

— Ukitoka leo usirudi kumwomba binti yangu. Kamwoe huyo bibi.

Marko akamtazama Cecilia. Akimwambia abaki, atabaki. Cecilia akakung'uta unga mikononi.

— Nenda. Nitakuwekea uji.

Mchungaji akaendesha ibada, akaondoka. Mzee Alute alinuna kutwa, lakini mtoto wa Luciana alipozidi kulia, yeye mwenyewe alifungua kilindo. Uwele wa harusi ukawa uji wa mgeni na wa majirani waliovimba miguu kwa njaa. Cecilia alifunika bakuli moja. Kesho yake chungu kilikuwa kitupu, naye hakuwa ameonja kitu. Aliinua kifuniko, akanusa, akakirudisha.

Jua likizama, Marko akatokea, amembeba bibi mgongoni. Bibi alikuwa hai.

— Mchungaji?

— Ameondoka.

— Na baba?

— Hasemi na mimi.

Marko akamshusha bibi taratibu, akaketi chini.

— Tangu siku ile, Cecilia, kila nikiomba naona kama naongea na ukuta. Njiani sikuomba. Nilimbeba tu, naye akinisema njia nzima. Lakini sikuwa peke yangu.

Cecilia akaingia ndani. Akaleta bakuli. Uji ulikuwa umepoa, umechachuka. Marko alilipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti, akalipeleka kinywani mwa bibi.

— Ulisema kesho, bibi akamwambia.

Kisha akanywa.