Houda Hafungi Leo

Mwezi wa Ramadhani, mtaa wa Buyenzi hubadilika sauti. Asubuhi nyundo za magereji hugonga kama kawaida. Ikifika saa sita mchana zinaanza kulegea. Mafundi wanagombania spana moja, kisha wanaombana radhi kwa sababu wamefunga. Alasiri harufu ya sambusa inaingia kila barabara, na hapo hata fundi mkali kuliko wote anakuwa mpole.

Sambusa za Adija zilikuwa na jina mtaani. Mume wake, Uthmani, alikuwa fundi wa magari, na gereji yake haikuwa mbali na nyumba. Mtoto wao wa kwanza, Khaled, alikuwa akijifunza kazi kwa baba yake. Wa pili alikuwa Houda, msichana wa miaka kumi na minne. Akitoka shule alimsaidia mama yake kukunja sambusa, na hakuna aliyekunja haraka kama yeye.

Lakini kila mwezi, siku zake zilipofika, Houda aligeuka mtu mwingine. Alijikunja kitandani ameshika tumbo. Alitapika. Damu ilitoka na mabonge, na pedi moja haikumaliza saa mbili. Alivaa nguo mbili mbili kwa kuogopa kuchafuka mbele za watu. Shule aliikosa, kisha akarudi akiwa ameachwa nyuma na masomo.

"Mama, naumwa sana."

"Vumilia, mwanangu. Sisi wanawake tuko hivi. Mi pia nilikuwa hivi. Bibi yako pia. Hakuna aliyekufa."

Vidonge vya maumivu Adija hakutaka hata kuvisikia. Aliamini kwamba msichana akizoea vidonge vya tumbo, kizazi chake kinakauka. Ukimuuliza nani alimwambia, hakumbuki. Aliyasikia akiwa mdogo, yakamkaa kichwani, basi.

Kulikuwa na jambo la pili, na hilo ndilo lililoleta balaa. Mwanamke aliye katika hedhi hafungi. Dini yenyewe haimtaki afunge. Atazilipa siku hizo baadaye. Adija alilijua hilo vizuri. Ila alifundishwa pia kwamba wanaume wa nyumba wasijue. Kwa hiyo mwanamke anakula nyuma ya mlango wa jikoni, haraka haraka, sikio liko nje. Adija alikuwa hodari wa kula hivyo, na akamfundisha binti yake.

Houda hakuwa hodari. Jiko lao lilikuwa uani, na uani watu walipita siku nzima. Aliona haya, akaacha kula kabisa. Hata maji hakunywa. Alishinda na njaa na kiu pamoja na waliofunga, wakati yeye hakufunga. Adija aliliona hilo. Alijiambia kwamba siku chache tu hazimdhuru mtu.

Jioni moja walikuwa wanafuturu pamoja na jirani yao Massoudi, muuza vipuri vya magari. Uthmani akamshika Houda bega.

"Unamuona huyu mutoto? Hajaacha hata siku moja. Khaled yeye anafunga huku analia njaa."

"Mashallah!" akasema Massoudi.

Houda akainamisha kichwa. Adija akajifanya anatafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Kesho yake, alasiri, mafuta yalikuwa yanachemka jikoni. Houda alikuwa ameleta ndoo ya maji kutoka bombani. Aliiweka chini, akashika ukuta. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Mama, naona giza."

Adija aligeuka na kijiko mkononi. Alimwona mtoto anateremka polepole ukutani, kisha akaanguka ubavu, kichwa karibu kabisa na jiko la makaa. Adija akapiga kelele, akamvuta kwa miguu. Hapo ndipo akaona kanga. Nyuma yote ilikuwa damu.

Dative alitoka mbio chumbani kwake. Dative alikuwa muuguzi, mpangaji wao katika ua ule ule, na siku hiyo hakuwa kazini. Alipiga magoti, akainua miguu ya Houda na kuiegemeza kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Amekunywa nini leo?"

"Amefunga," akasema Adija.

Neno lilimtoka lenyewe, kwa mazoea. Dative alitazama kanga, kisha akamtazama Adija.

"Mama Khaled. Nani amefunga?"

Adija akakaa chini, akaanza kulia. Alikuwa amesema uongo kwa ajili ya mtoto ambaye hata kusikia hasikii.

Baada ya muda mfupi Houda alifungua macho. Dative alimnywesha maji yenye sukari na chumvi kidogo, funda kwa funda. Alimvuta ukope wa chini taratibu.

"Ona hapa ndani, mama Khaled. Panatakiwa pawe pekundu. Kwake ni peupe. Damu imepunguka mwilini. Hii imeanza zamani, si leo."

"Lakini ni mambo ya wanawake, Dative. Tumbo likiuma, unavumilia."

"Sikiliza. Kizazi kinajikaza ili kisukume damu nje. Kikijikaza, tumbo linauma. Kuumwa kidogo ni kawaida. Lakini kuumwa mpaka mutoto anatapika, anaacha shule? Hiyo apana. Hiyo ina dawa. Hata chupa ya maji ya moto ukiifunika kitambaa, ukaiweka juu ya tumbo, inasaidia."

"Na vidonge? Kizazi kitakauka."

"Havikaushi kizazi. Wasichana wengi wanatumia vidonge vya maumivu siku mbili tatu, kama muganga wa hospitali alivyowaambia, na baadaye wanazaa muzuri. Ila kwa Houda kuna jambo lingine, hii damu. Pedi inajaa kwa muda gani?"

Houda alimtazama mama yake kwanza. Adija akamwashiria kwa kichwa: sema.

"Saa moja," Houda akajibu kwa sauti ndogo. "Saa ingine hata haifiki. Na inapita siku saba. Saa ingine kumi."

"Tangu ulipoanza?"

"Tangu nilipoanza."

Adija akaona ni lazima amtetee binti yake, asije akaonekana ana ugonjwa. "Katika ukoo wetu sisi wote tuko vile. Mama yangu alikuwa vile. Dada yangu ni vile vile mpaka leo. Mi nilipomuzaa huyu, damu ilikataa kusimama. Waliniongezea damu ya watu. Ni damu yetu tu, njo maana iko hivyo."

Alitegemea Dative atulie. Badala yake Dative aliweka kikombe chini.

"Houda, damu inakutokaka puani?"

"Mara mingi."

"Ukipiga mswaki?"

"Kila siku."

Dative akavuta pumzi. "Mama Khaled, wasichana wengi damu inakuwa mingi kwa sababu mwili bado unajifunza. Miaka ya kwanza siku zinachelewa, zinakuja kwa fujo, kisha zinatulia. Lakini we umeniambia mama, dada, na we mwenyewe. Umeniambia pua na fizi. Kuna watu ambao damu yao inakawia kuganda, na wanarithishana. Ulizania ukoo muzima ukiwa vile, basi ni sawa. Mi nasema hiyo njo inatupeleka hospitali. Leo. Na usimupe kidonge chochote mpaka daktari ajue haya."

Adija alifuta machozi kwa ncha ya kanga. Akainama karibu na sikio la Dative.

"Hawatamugusa kule chini? Bado ni mutoto."

"Watamupima damu kwenye mukono. Wakitaka kuona kizazi, wanapitisha mashine juu ya tumbo, juu ya ngozi. Usichana wake uko salama. Na we utakuwa hapo ndani."

Ikabaki kumwambia Uthmani.

Njia ya kwenda gereji ilikuwa fupi, lakini siku hiyo Adija aliiona ndefu. Katika maisha yao yote ya ndoa hakuwahi kulitamka neno hedhi mbele ya mume wake. Alimkuta amelala chini ya gari, miguu tu iko nje. Adija akaishukuru ile miguu. Kusema na miguu ni rahisi kuliko kusema na macho.

"Baba Khaled."

"Mm."

"Houda ameanguka. Tunampeleka hospitali."

Miguu ikatulia. "Ni malaria?"

Adija angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeletwa tayari, ni kulipokea tu. Lakini daktari angetibu malaria, na damu ingeendelea kutoka.

"Apana," akasema. "Yuko katika siku zake. Damu inamutoka mingi kupita kiasi. Hafungi, baba Khaled. Anashinda na njaa ili musijue. Mi njo nilimufundisha kujificha."

Uthmani alitoka chini ya gari, akakaa vile vile kwenye vumbi. Uso wake ulikuwa na mafuta meusi, na macho yamejaa hofu.

"Mi nilimusifu mbele ya watu," akasema taratibu. "Alikuwa anamwaga damu, na mi namusifu."

"Haukujua."

"Nilijua! Unafikiri mi sijui wanawake hawafungi siku zile? Kila mwaka nikiingia uani nasikia sufuria inafunikwa mbio. Nilinyamaza juu ya kuona we unasikia haya."

"Na mi nilijificha juu ya kuzania utaona vibaya."

Wakatazamana. Kama si hofu ya mtoto, pengine wangecheka. Uthmani alisimama na kumwita Khaled akatafute teksi.

Hospitali walimlaza Houda. Vipimo vilionyesha damu yake imepungua sana. Daktari aliuliza yale yale aliyouliza Dative, na safari hii Adija alijibu yote bila kuinama. Alieleza habari za mama yake, za dada yake, na za uzazi wake mwenyewe. Damu ya Houda ikachukuliwa kwa kipimo kingine.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaita baba na mama pamoja.

"Damu ya binti yenu inachelewa kuganda. Amezaliwa hivyo. Si ugonjwa wa kuambukiza, na hakuna aliyemroga. Atakunywa dawa ya kuongeza damu. Aimeze na maji ya chungwa au limau, si chai, maana chai inaizuia. Siku za hedhi atatumia vidonge vingine vya kupunguza damu inayotoka. Maumivu yakija, ameze parasetamoli. Aspirini asiiguse, na ibuprofeni pia asimeze bila kuniuliza mimi, kwa sababu kwake yeye zinaweza kufanya damu itoke zaidi. Na siku akitaka kung'olewa hata jino, amwambie daktari kwanza."

"Ataolewa? Atazaa?" akauliza Adija.

"Akitaka. Madaktari wakijua hali yake mapema, wanajiandaa. Wewe hawakujua, ndiyo maana ulikaribia kufa."

Adija jioni hiyo alimpigia simu dada yake na kumwambia aende kupimwa. Dada yake alibisha kwamba wao wote wako hivyo. "Kwa sababu hiyo hiyo," akasema Adija.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Ile dawa ya kuongeza damu ilimkata Houda hamu ya kula, na mara mbili alikutwa ameificha chini ya godoro. Adija alimgombeza, kisha akajifunza kukaa naye mpaka ameze. Polepole midomo ikarudisha rangi. Hedhi zilikuja, zikapita, na maumivu yakawa ya kuvumilika. Mwisho wa mwaka Houda hakuwa amekosa shule kwa ajili ya tumbo hata mara moja tangu alipoanza dawa.

Ramadhani nyingine ikafika, na siku za Houda zikaangukia humo. Mchana wa siku ya pili alirudi kutoka shule kwa miguu, jasho linamtoka, njaa imemkaba. Adija alikuwa amemwekea ugali, maharage, mboga za lengalenga na samaki wadogo wa ndagala. Sahani aliiweka wapi? Nyuma ya mlango wa jikoni. Mazoea yana mizizi.

Uthmani alikuwa amerudi kuswali adhuhuri. Aliiona ile sahani. Aliichukua kwa mikono miwili, akatoka nayo uani, jua kali juu ya kichwa. Wakati huo huo Massoudi alikuwa anaingia getini.

"Uthmani!" akashangaa. "Mchana huu?"

"Si yangu. Ni ya Houda. Leo hafungi."

Aliweka sahani juu ya mkeka, mbele ya binti yake, akamletea na kikombe cha maji. "Kula, mwanangu. Kula vizuri."

Houda alimtazama baba, akamtazama mgeni. Masikio yake yaliwaka kwa haya. Kisha akanawa mikono, akamega tonge la kwanza.

Massoudi alikohoa. Alitazama viatu vyake. Adija, aliyekuwa mlangoni, alidhani sasa ataaga na kuondoka. Lakini hakuondoka.

"Ule muuguzi wenu," akasema kwa sauti ya chini, "bado anakaa hapa?"

"Anakaa," akajibu Uthmani.

"Ni juu ya binti yangu Lubna. Kila mwezi analala siku tatu, haamuki. Mama yake ananiambia ni kichwa. Mi naitika tu."

Hakuna aliyecheka. Adija akamletea kiti.

"Kaa kwanza, baba Lubna," akasema. "Nitamuita Dative."

Houda hakusimama kuwapisha. Aliendelea kula.