Sabuni ya Hajara

Kila asubuhi Mastula alikaanga kabalagala mbele ya chumba chake cha kupanga, mtaa wa Namakwekwe, mjini Mbale. Aliponda ndizi mbivu, akachanganya na unga wa muhogo, akakata viduara na kuvitia kwenye mafuta. Binti yake Shamim, mwenye miaka minane, aliwafungia wateja kabalagala hizo kwenye karatasi. Vita vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma. Watu walikuwa wameanza tena kugombana kwa mambo madogo, na hiyo nayo ni dalili ya amani.

Nyumba ya pili aliishi Semei, askari wa gereza. Alikuwa na mbwa mkubwa wa rangi ya kahawia, jina lake Sajini. Mastula hakumpenda mbwa, na gwanda la mwenye mbwa alilichukia kuliko mbwa mwenyewe. Alikuwa na sababu zake, ila hakuzisema.

Siku moja mama mmoja alipita mtaani na baiskeli yenye boksi la barafu. Jina lake Janepher. Alifanya kazi na shirika la kutunza wanyama.

"Afande, leo tunachanja mbwa," alimwambia Semei. "Ni dawa ya kuzuia kichaa cha mbwa. Leta Sajini."

Semei alicheka. "Mimi nataka mbwa kali. Wewe nadunga yeye sindano, kesho yeye nalala tu kama kondoo. Mwizi nakuja, yeye nachekea mwizi!"

"Afande, sindano haiondoi ukali. Inaondoa ugonjwa tu."

"Hapana. Peleka dawa yako mbele."

Majirani walicheka. Mastula naye akadakia kutoka kwenye karai lake: "Hospitali haina hata dawa ya kichwa, na mbwa wanaletewa sindano! Haya, tumeona." Janepher alipanda baiskeli yake akaenda zake. Mastula angekuja kulikumbuka sana neno hilo.

Wiki tatu zikapita. Shamim alitumwa kuteka maji. Sajini alikuwa amelala njiani, kimya. Mtoto hakumgusa wala hakumchokoza. Mbwa aliinuka ghafla, akamuuma mguuni, kisha akaenda zake akiyumba.

Mtoto alirudi akilia, damu inachuruzika. Mastula aliacha kabalagala zikiungua. Akachota udongo, akauchanganya na maji, akaanza kuosha ule mguu. Kwao Waislamu, mate ya mbwa ni najisi. Chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo huwa kwa udongo. Mastula aliosha akihesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Aliwahi kuhesabu hivyo hivyo siku nyingine.

Mtu akamshika mkono. Alikuwa Janepher, aliyesikia kelele akiwa anapita.

"Mama, acha udongo. Udongo unaingiza uchafu kwenye kidonda. Uko na sabuni?"

"Hii ni dini yangu. Usiniingilie."

"Dini yako siingilii, mama. Kuondoa najisi utafanya baadaye, hata mara sabini. Lakini ugonjwa wa mbwa uko ndani ya mate, na mate yako ndani ya kidonda. Tunataka sabuni na maji mengi. Sasa hivi!"

Mastula alileta sabuni. Janepher alimimina maji kwa jagi, Mastula akaosha. Povu likatoka jekundu, kisha la waridi, kisha jeupe. Mastula akataka kuacha.

"Bado," alisema Janepher akitazama saa yake. "Dakika kumi na tano kamili. Na tusifunge kidonda."

"Halafu imekwisha?"

"Hapana. Sabuni inapunguza ugonjwa, haiumalizi. Tunaenda hospitali leo hii, dawa hii wanayo. Atadungwa sindano, na atarudi kila siku watakayomwambia, hata kidonda kikipona. Asiruke hata moja. Ugonjwa huu ukishamfanya mtu aogope maji, mama, hakuna dawa tena duniani."

Mastula aliketi chini vumbini.

"Najua," alisema. "Nimemwona mtu akiogopa maji."

Walipomaliza kuosha, vijana wa mtaa walikuwa wamekusanyika na marungu. "Tunaua hii mbwa!" walipiga kelele. Janepher aliwazuia njia.

"Msimpige! Afungwe, atazamwe siku kumi. Akiwa mzima siku kumi, tutajua hakuwa na ugonjwa. Mkimwua na kumtupa, tutajuaje? Na wewe utakayemkamata, akikuuma, nani atakuosha?"

"Nani atamwambia afande kufunga mbwa yake?" aliuliza kijana mmoja. Miaka ya nyuma watu wa huku walijifunza kutokwenda kugonga mlango wa mwenye gwanda.

Mastula alisimama. Akaenda nyumba ya pili. Semei alikuwa mlangoni, anafunga mkanda wa kazi.

"Mbwa yako imemuuma mtoto wangu," Mastula alisema.

"Mbwa yangu haina kichaa."

"Sikiliza, afande. Mwaka wa vita nilikuwa Jinja, pale mtaa wa Nalufenya. Nilikuwa na mtoto mwingine, Hajara, mkubwa wa huyu. Mbwa ya askari ilimuuma mkononi. Mimi nilinyamaza. Niliogopa kumwuliza yule askari kama mbwa yake ni mzima. Nilimwosha mwanangu kwa udongo mara saba, nikasema imekwisha. Baada ya wiki sita nilimpa kikombe cha maji, akakirusha ukutani. Siku ya tatu nikamzika. Leo sinyamazi. Ukitaka kunipiga, nipige. Lakini mbwa ifunge kwanza!"

Semei akavua kofia.

"Mama Shamim," alisema polepole, "mimi siwezi piga wewe." Akachukua mnyororo. Janepher akamwonyesha namna ya kumfunga mbwa kwa kitanzi cha kamba kwenye fimbo ndefu, bila kumkaribia. Walimfungia Sajini kwenye banda la kuku lililokuwa tupu.

Siku hiyo hiyo Shamim alidungwa sindano ya kwanza. Alipiga kelele hospitali nzima ikasikia. Mastula alizifurahia kelele zile, kwa sababu mtoto anayepiga kelele yuko hai.

Siku ya nne Sajini alianza kutoa udenda. Taya lilining'inia. Alisogelea bakuli la maji, akashindwa kumeza. Janepher alimleta daktari wa mifugo, akamdunga dawa ya kumlaza usingizi wa milele, ili asiteseke zaidi. Semei alisimama nyuma ya banda akilia waziwazi, gwanda na yote.

"Nilimlea yeye tangu mdogo," alisema. "Nilisema sindano itafanya yeye laini. Ni mimi nimeua yeye."



Shamim alimaliza sindano zote. Wiki sita zikapita. Kila asubuhi Mastula alimpa kikombe cha maji na kumtazama mpaka tone la mwisho. Mtoto alichoka kutazamwa. "Mama, mimi si ng'ombe!" Mastula alicheka, kisha akaingia ndani akalia.

Mwaka uliofuata Janepher alirudi na boksi lake. Safari hii mstari wa mbwa ulifika barabarani. Semei alikuwa wa kwanza, ameshika mbwa mdogo mweusi. Mastula aliweka karai lake karibu, akiwahubiria kina mama: sabuni, maji, dakika kumi na tano, hospitali siku ile ile. Watu walimtania kwamba amekuwa imamu wa mbwa. Aliwaacha wanatania.

Mama mmoja kijana, Nangobi, alimwuliza, "Na wakati ule wa vita, Jinja hakukuwa na sabuni, sivyo?"

Mastula aligeuza kabalagala zote kwanza.

"Sabuni ilikuwa kama dhahabu," alisema. "Lakini mimi nilikuwa na kipande. Nilikificha chini ya kitanda, nikakiweka kwa ajili ya sikukuu ya Idi. Siku Hajara alipoumwa na mbwa nilikikumbuka, nikasema, acha kikae, udongo unatosha."

Alimwuliza Janepher, na si mara ya kwanza: "Ningeitumia siku ile, angepona?"

"Sijui, mama," alisema Janepher. "Bila sindano, sijui."

Mastula aliitikia kwa kichwa. Akamgeukia Nangobi.

"Idi haikumkuta hai. Wanawake walipokuja kuosha maiti yake waliniomba sabuni. Ndicho kile kipande nilichowapa."