Kopo la Saba

Kandida alikuta jiwe ndani ya ndoo ya unga, na mwiko haupo.

"Baba Princess, hili umeweka wewe?"

"Mimi nina kazi gani na mawe?" Ndesanjo akacheka. Lakini jiwe alilijua.

Ndiye aliyetandaza njia ya historia kutoka Kimandolu hadi chini ya Mlima Meru: makopo kumi na mawili yaliyofichwa, wageni wakiyatafuta kwa ramani ya simu. Kila kifuniko alikiandika kwa mkono wake: CHUKUA KITU, ACHA KITU. La saba alilificha katika rundo la mawe juu ya kaburi la zamani la Waarusha, ambapo kila apitaye huongeza jiwe. Bibi Nalepo, anayeishi jirani na kaburi, alimwonya kwamba pale mtu haondoi jiwe. Ndesanjo, mzee wa kanisa, alimdharau. Akatoa mawe matatu, akayatupa, kopo likakaa vizuri.

Jiwe la pili lilikuwa chini ya mto wa Kandida, likinuka majivu na ng'ombe. Kitenge chake cha harusi hakikuonekana tena.

"Ni jini?" akanong'ona.

"Tusali tu, mama."

Jumamosi mchana Princess alikuwa sebuleni akiimba wimbo wa shule ya Jumapili, mara jiwe likaanza kusaga jiwe nyuma ya ukuta wa jikoni, likazunguka nyumba polepole, harufu ile ikijaa mpaka macho yakawawasha, likaja likanyamaza chini ya kiti cha mtoto, likabingirika miguuni pa baba yake, na Princess akaendelea kufumbua na kufumba mdomo, wimbo ule ule, bila sauti.

Ndesanjo alipanda mbio kwa Nalepo na mawe yake matatu. "Shikamoo, bibi. Nimekosa."

Nalepo alimwaga maziwa kaburini, wakarudisha mawe. Ndani ya kopo kulikuwa na mwiko na kitenge. Kisha, chini ya kitenge, sauti ya Princess:

"Baba, huku baridi."

"Mchukue," Nalepo akasema taratibu. "Ila jiwe linatosha kwa mwiko. Kwa sauti hii, acha inayolingana nayo. Sheria si yako?"

Ndesanjo akajishika koo. Besi ya kwaya nzima ilikuwa humo.

"Pete yangu haifai, bibi?"

"Ulipotupa mawe, ulimuuliza nani?"

Mungu amrehemu, alirudisha kifuniko, sauti ikabaki humo.

Nyumbani alisema amekuta mwiko na kitenge, basi. Jumapili aliongoza wimbo, watu wakalia kwa utamu wake. Princess, benchi la mbele, aliufuata kwa midomo neno kwa neno, macho hayabanduki kwa baba yake.