Sahani ya Anésie

"Waambie uko bibi yake, muke wa ndoa," Yvette alisema kwenye simu. "Bila ile hawatakuacha uingie."

"Miye? Na weye?"

"Miye niko Sydney, Anésie. Nitamusaidia nini toka huku? Mupelekee chakula tu. Atakufa yule."

Yvette alikuwa kwenye zamu ya jioni, amejibanza nyuma ya maboksi katika ghala moja la Wetherill Park, Sydney. Mchumba wake, Cirhuza, alikuwa mfanyabiashara wa kahawa Bukavu. Vita vilipofunga barabara ya Goma, akajaribu kuvusha magunia ziwani kwa boti. Askari wakamkamata, wakadai analisha waasi. Na jela za kule hazimlishi mtu. Usipokuwa na wa kukuletea sahani, wewe ni marehemu unayepumua. Anésie, rafiki wa Yvette tangu shuleni, alikaa karibu na lango la jela alimofungiwa Cirhuza.

Kyakimwa, aliyepanga naye maboksi, alikuwa amesikia yote.

"Dada, ubibi haukopeshwi."

"Afadhali niukopeshe kuliko nizike mutu."

Tangu hapo kila break ikawa ya simu. Padri wa jela, wakili, mkubwa wa askari, kisha padri tena. Huyu anasema kesho, yule hapokei. Yvette alichoka, akachoka hata kulia. Kilichomtuliza ni meseji za Anésie.

"Leo amekula sombe yote, hakubakisha hata jani."

"Leo risasi zililia. Lakini nilifika tu."

Baadaye meseji zikapungua. Yvette akadhani ni mtandao.

Mwaka ukapinduka, ndipo padri akapiga.

"Wamekubali kumuachilia, mwanangu. Bibi yake aje kumudhamini."

"Padri, miye nitafika aje?"

"Si weye. Yule wa chakula. Askari wanajua yeye."

Siku tatu baadaye, simu ilimkuta Yvette kwenye break.

"Yvette, ni miye. Nimetoka."

Alikaa chini sakafuni. Furaha ilimjaa.

"Mungu ni mukubwa. Cirhuza, kesho naanza mambo ya visa yako."

"Usianze."

"Kwa nini?"

"Mama amemuvalisha Anésie kikwembe. Mbele ya familia."

Kwao, mama mkwe akishakuvalisha kitenge hicho, wewe ni mke; mengine ni sherehe tu.

"Ni miye nilimutuma, Cirhuza."

"Najua. Simu zako njo zilinitoa, sitasahau. Lakini kila lango likifunguka, niliona yeye."

"Unamupenda?"



"Ndiyo."

Ilimuuma Yvette, lakini alikuwa amechoka kuliko alivyoumia.

"Basi umuambie apunguze chumvi kwa sombe. Huwa anazidisha, na weye hupendi chumvi."

"Siku hizi ninaipenda," alisema Cirhuza.

Break ilikuwa imekwisha. Kyakimwa alimwangalia usoni, akamsogezea boksi lililokuwa jepesi.