Ncha Iliyofutwa kwa Mtandio

Asubuhi ile dada yangu alipiga pasi shati lake mara mbili, akanywa chai akiwa amesimama, akaniuliza kama kola imekaa sawa. Nikamjibu kola imekaa, kilichokaa upande ni hiyo furaha usoni. Akanirushia kitambaa cha vyombo, nikakidaka, nikafutia miwani yangu. Ilikuwa siku ya kawaida kabisa.

Nasisitiza kawaida kwa sababu nawajua wenzangu. Chuoni nilikuwa naitwa Cherehani, kwa kasi ya ulimi. Kwenye mdahalo nimewanyamazisha wanaume wenye ndevu zao. Na mtu yeyote akitaja uchawi, ukumbi mzima huguna: "Leta ushahidi!" Nami nilikuwa naguna nao. Leo ushahidi upo, na shahidi ni mimi, na anayetaka kuguna na agune.

Siku ile dada alikuwa anakabidhiwa ukuu wa mitambo katika hospitali anayofanyia kazi. Hospitali ilikuwa imejenga jengo jipya. Seva za zamani, kompyuta kuu zenye picha za eksirei za wagonjwa wote, zilibaki jengo la zamani. Seva mpya zilikuwa ng'ambo ya uwanja. Kati yao ukavutwa waya wa faiba, ule wa kioo unaopitisha nuru, mwembamba kama unywele, wenye kasi ya kuhamisha maktaba nzima wewe hujamaliza kupenga kamasi. Kazi ya kwanza ya dada ilikuwa kuhamisha picha zote kabla ya Jumatatu, maana Jumatatu umeme wa jengo la zamani ungekatwa, livunjwe.

Watu wa faiba wana amri yao: futa, kagua, chomeka. Ncha ya kioo hufutwa kwa kalamu yake maalum, hukaguliwa kwa hadubini, ndipo huchomekwa. Haipulizwi. Haiguswi na nguo. Pumzi ina maji, nguo ina mafuta ya mwili. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua.

Sukari alilijua pia. Huyu alikuwa shoga wa dada tangu masomoni. Tulimwita Sukari kwa jinsi anavyokuongelesha mpaka meno yakuume. Walikaa dawati moja, wakaajiriwa pamoja, wakaomba kiti kimoja. Dada akakipata. Wakati wa makabidhiano, ilipobaki ncha moja tu haijachomekwa, Sukari alipenya katikati ya watu, akamkumbatia.

"Hongera shoga yangu wee! Lete hapa, leo nikufutie mimi."

Akaisogeza ncha mdomoni. Akaihemea, haaa, kama mtu anavyohemea kioo cha kujitazamia. Akaifuta kwa pembe ya mtandio wake wa zambarau. Akaichomeka. Watu wakapiga makofi.

Dada aliona. "Ningemwambia nini?" aliniuliza baadaye. "Mtu amekuja kukupongeza, umkaripie mbele ya wakubwa?"

Picha zikaanza kwenda. Ikaenda moja. Ikakaa. Ikaenda nyingine. Zilidondoka kama maji ya bomba bovu, na kila moja ilipofika ilionekana kama imesitasita mlangoni.

Dada si mtu wa kulia. Alipima nuru kwenye waya: nzuri. Akatazama kama kuna makosa yanayohesabiwa kwenye swichi, kile kisanduku cha kuunganishia mtandao: hakuna hata moja. Akabadilisha vichwa vya kutolea nuru, akauhamishia waya matundu mengine, akakagua diski, akalinganisha mipangilio ya pande zote mbili. Akaichomoa ncha ile ile akaitia kwenye hadubini: safi kama imetoka kiwandani. Akatuma mafaili ya majaribio, yakaruka kwa kasi yote. Akarudisha picha, zikatambaa.

Hapo ndipo Sukari alipoingia na kikombe cha chai.

"Pole shoga. Hebu nipishe kidogo."

Akakaa. Akabonyeza. Picha zikamiminika.

Waya ule ule. Seva zile zile. Amri ile ile, herufi kwa herufi. Akaacha zikimbie kidogo, akasimamisha, akainuka akicheka. "Mashine nazo zina wapenzi wao." Dada akakaa. Zikatambaa. Na kiti, aliniambia, kilikuwa kimeachwa baridi, kama hakikukaliwa na mtu.

Mkuu wa hospitali aliyaona yote mlangoni. "Kama kwake inakwenda," akasema, "amalizie yeye. Na Jumatatu hicho kiti kitakuwa chake."

Jamani! Mtu ameshinda usaili, amesomea, amevuja jasho, halafu anaporwa kiti kwa hoja ya "kwake inakwenda"? Mimi hoja hiyo ningeichana vipande kabla ya kengele kulia. Lakini dada hakuchana kitu. Aliomba aachiwe mpaka mwisho wa juma, akaja nyumbani, akakaa mbele ya sahani akaichokonoa.

"Yeye ana nini?" akaniuliza. "Niambie, ana nini ambacho mimi sina?"

"Ana mdomo," nikasema.

Hakucheka. Alikuwa ameshika simu, anatazama picha za Sukari, moja baada ya nyingine. Sukari kwenye harusi. Sukari na gari la shemeji yake. Alizikuza kwa vidole mpaka usoni, mpaka machoni. Mama akapita nyuma yake na ufagio, akasema, "Sukari ikizidi kwenye chai, mwanangu, chunguza majani." Dada hakumsikia. Alikuwa hapepesi macho.

Jumamosi mchana akanipigia. "Njoo kazini. Nataka shahidi."

Nikaenda. Chumba cha seva kina baridi ya jokofu na mvumo usiokoma. Ukuta wake mmoja ni wa kioo, na ng'ambo ya kioo kuna meza za mafundi. Sukari alikuwa amekaa pale peke yake, ametupa mgongo, mtandio wa zambarau mabegani. Hakugeuka nilipoingia. Hakugeuka kabisa.

Dada akafunga mlango. Akanong'ona, "Picha zinaendelea kwenda, unaona?" Kwenye skrini zilikuwa zinadondoka, moja, nyingine. Kisha akauchomoa waya, akanipa, nikaushika mwenyewe. Ulikuwa na uvuguvugu.

"Ncha ya faiba ukiitazama kwa hadubini," akasema, "inafanana na jicho. Duara la kijivu, katikati kidoa. Kila fundi hutania siku ya kwanza: lo, inanitazama."

Akaitia ncha kwenye hadubini. Kwenye kioo chake kidogo likatokea duara la kijivu. Katikati kidoa.

"Safi," nikasema.

"Ngoja."

Tukangoja. Seva zilivuma. Nikaanza kuandaa hoja zangu kichwani: uchovu, wivu, usingizi.

Kidoa kikapanuka.

Kikasinyaa.

"Umeona?" dada akanong'ona.

Dada akasogeza mkono wake kushoto, polepole. Kidoa kikaufuata. Akaurudisha kulia. Kikaufuata. Kisha kikaacha mkono, kikapanda. Kikatulia usoni kwake. Pembeni ya duara palikuwa panalowa.

Likapepesa.

Nikageuka ukutani. Sukari alikuwa vile vile, mgongo kwetu, kichwa wima. Natamani angekuwa anatutazama. Ingekuwa nafuu.

"Dada, tutoke."

"Nitoke niende wapi? Nimwachie?"

Sauti ile sikuijua. Akatoa mfukoni kalamu ya kusafishia. Ina ncha ngumu, ukiisukuma hulia. Ningeweza kumzuia. Nilikuwa na maneno yote duniani, na sikutoa hata moja. Dada alikuwa anatabasamu.

Akaichomoa ncha, akaitia kwenye kalamu, akasukuma.

Kwaa.

Ng'ambo ya kioo Sukari aliruka kitini. Kiganja kimeziba jicho la kushoto. Hatukusikia ukelele, seva zilivuma. Tuliona mdomo tu, wazi. Akakimbia nje akigonga meza.

Dada akachomeka waya. Picha zikaruka. Zilikwenda kwa kasi niliyoambiwa, kwa kasi kuliko niliyoambiwa, na kabla hatujafunga mlango zote zilikuwa upande wa pili.

Jumatatu kiti kilibaki cha dada. Sukari aliandika ujumbe kwamba vumbi limemwingia, anapumzika. Hakurudi. Watu waliomwona wanasema jicho la kushoto lina mchirizi, mwembamba, ulionyooka, kama mkwaruzo kwenye kioo. Mtandio wake ulibaki kwenye kiti. Dada aliuleta nyumbani, akasema anaufua amrudishie.

Aliufua. Akauanika. Siku moja nikamkuta ameuvaa.

"Si wa watu huo?"

"Umenipendeza au haujanipendeza?"

Ulimpendeza. Kazini walimsifu, nyumbani mama alimsifu, lakini sifa zikawa hazimtoshi. Jirani akinunua kochi, dada anakosa usingizi. Binamu akifaulu, dada anauliza, "Yeye ana nini?" Mimi nikajiambia ni uchovu. Mtu wa hoja hakosi maelezo.

Kisha tukashinda fainali ya mdahalo. Nilirudi nyumbani mchana na kikombe, mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Akakiweka kabatini, mbele ya cheti cha dada. Dada alisimama akikitazama. Halafu akanijia mikono wazi, akanikumbatia kwa nguvu.

"Hongera mdogo wangu wee! Miwani yote vumbi. Lete hapa, leo nikufutie mimi."

Ilikuwa imeshatoka usoni kwangu. Sikuona vizuri. Nilisikia tu.

Haaa.

Pembe ya zambarau ikazunguka kwenye kioo. Akanivisha mwenyewe, taratibu, akaniwekea sawa masikioni.

Tangu hapo nikisimama jukwaani, hoja ninazo. Zipo zote, nimezipanga. Nafungua mdomo. Linatoka neno. Linakaa. Linatoka jingine. Daktari amekagua koo, ulimi, kichwa, na kila alipopima ameniambia ni pazima. Ukumbi unaguna. Jina la Cherehani amepewa msichana mwingine, na usiku huwa natazama picha zake, nazikuza.

Miwani iko hapa mezani ninapoandika. Nimeiosha kwa sabuni, nimeifuta kwa spiriti. Kwenye kioo cha kushoto kuna ukungu wa pumzi, mviringo, katikati kidoa.

Haukauki.