Nafasi ya Mukhisa

Jioni ile hakuna aliyemtuma Dinah dukani. Mwanamke mwenye mtoto wa siku kumi na moja hana shughuli yoyote na maduka ya Matisi giza likiingia. Lakini mtoto alikuwa analia. Alikuwa amelia tangu siku ya tatu, akinyamaza tu pale usingizi ulipomzidi nguvu, na sasa kilio chenyewe kilikuwa kimeanza kukwaruza. Dinah alimwachia mama mkwe, akajifunga leso, akasema anaenda kutafuta dawa ya tumbo. Ukweli ni kwamba alitaka dakika kumi za kutosikia.

Hakuzipata. Alimsikia mtoto wakati wa kwenda, akamsikia wakati wa kurudi.

Ilikuwa Agosti 1993, na mahindi ya Kitale yalikuwa yamempita mtu kwa urefu. Hata pale Matisi, katikati ya nyumba, kila mwenye kipande cha ardhi alikuwa amekipanda mpaka ukutani. Hospitalini walikuwa wamempima mtoto wakasema kifua safi, tumbo safi, nendeni nyumbani. Mizani ilisema lingine. Mtoto alikuwa amepungua robo kilo, na hakuwa na robo kilo ya kuchezea.

Mama mkwe wake, Agneta, alikuwa mwanamke wa kanisa la Friends aliyeimba kwaya tangu usichana. Yeye alikuwa na jibu lake.

"Hii si ugonjwa," alisema. "Hii ni jina. Kuna mtu anataka."

Kila Mbukusu analijua jambo hilo, hata yule anayejifanya halijui siku ya Jumapili. Mtoto akilia bila sababu, kuna marehemu wa ukoo anayetaka kurudi kupitia jina. Basi mtoto huwekwa kwenye titi, majina yakaitwa moja moja. Likitajwa la mwenyewe, ananyonya na kunyamaza. Agneta mwenyewe ndiye aliyekuwa ameyaita majina yote ya upande wa baba, maana mwanawe Wakhungu, mume wa Dinah, alikuwa safarini na lori la mahindi. Mtoto aliyakataa yote. Jioni hiyo wangeanza ya upande wa mama.

Na hapo ndipo Dinah alipokuwa ameficha tumaini lake. Alikuwa na kaka mmoja tu, Mukhisa, aliyefariki miaka minne nyuma kwa homa ya siku nne, akiwa na miaka kumi na tisa. Tangu mtoto aanze kulia, Dinah aliogopa kama mama yeyote, lakini ndani ya woga huo kulikuwa na furaha aliyoionea haya. Ni yeye, alijiambia. Anabisha hodi.

Akiwa njiani kurudi, karibu na mashine ya kusaga alipunguza mwendo. Ilikuwa imefungwa, lakini harufu ya unga wa moto ilikuwa bado hewani. Kwenye jiwe la mlangoni alikaa mtu, mguu mmoja ameunyoosha mbele. Kofia yake ilikuwa na manyoya, au labda ni giza tu.

"Mtoto wa nani analia hivyo?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wangu."

"Mmeita nani na nani?"

Dinah hakushangaa. Swali hilo majirani wote walikuwa wameliuliza wiki nzima. "Wa upande wa baba wote," akajibu. "Wamekataliwa."

"Pole, mama."

Alipita. Alikuwa amefika kwenye kona ya mahindi aliposikia tena ile sauti, na safari hii ilikuwa karibu... karibu mno kwa mtu aliyekuwa amekaa kwenye jiwe.

"Na mimi?"

Aligeuka.

Jiwe lilikuwa tupu.

Alikimbia. Mwanamke wa uzazi wa siku kumi na moja hakimbii, lakini Dinah alikimbia. Nyumbani alimkuta Agneta akizunguka chumba na mtoto begani, akimwimbia wimbo wa kanisani kwa sauti iliyochoka.

"Kuna mtu pale kwa mashine," Dinah alisema akihema.

"Atakuwa mlinzi mpya. Wanasema ni mzee wa kutoka huko juu Elgon. Keti. Funga mlango kwanza, halafu keti."

Taa ya chemni iliwekwa mezani. Agneta akaanza, na mtoto akiwa kifuani pa mamake, yeye akiwa amepiga magoti mbele yao kama anayeomba. Aliwaita mababu wa kwao Dinah, Kibabii, babu mzaa baba, babu mzaa mama, yule mjomba aliyekwenda vita Burma.

"Kama ni wewe, nyonya unyamaze."

Kila mara mtoto aligeuza uso. Midomo yake ilikuwa imekauka na paji la uso limekunjamana kizee.

"Mwite Mukhisa," Dinah akasema.

"Kijana aliyekufa bila mke hatumwiti, mtoto wangu. Unajua."

"Najua, mama. Lakini ni yeye. Mayi, mamangu, pia amesema ni yeye, ametuma neno kutoka nyumbani. Anakuja kesho kumwona."

Agneta akakubali shingo upande. Alishika mguu mdogo wa mtoto.

"Mukhisa. Kama ni wewe, nyonya unyamaze."

Kulikuwa na kimya cha pumzi moja. Dinah aliuona mdomo ukifunguka, akalisogeza titi, machozi yakimtoka tayari.

Mtoto alipiga yowe.

Halikuwa lile la njaa. Alijipinda mgongo, akalisukuma titi kwa ngumi zote mbili, akalia mpaka sauti ikakatika na mdomo ukabaki wazi bila kitu kutoka. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Agneta akamnyakua, akampulizia usoni, akampigapiga mgongoni, na sauti iliporudi ilikuwa nyembamba sana.

"Si yeye," Agneta alinong'ona. "Nani mwingine? Fikiria, Dinah! Nani mwingine wa kwenu? Huyu mtoto hafiki asubuhi."

Dinah akafikiria. Na hapo akakumbuka.

Ilikuwa likizo ya mwaka 1987. Mwalimu mmoja wa kigeni aliyemaliza mkataba wake kwenye shule ya Mukhisa alikuwa amemwachia sanduku. Ndani kulikuwa na kitabu kinene, karatasi, na dadu za ajabu, moja ikiwa na pande ishirini. Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Kila mmoja anaunda mtu wake, anamwandika kwenye karatasi, kisha mwongozaji anawapitisha wote misituni na mapangoni, na dadu ndizo zinazoamua nani anaishi. Walicheza watatu ndani ya ghala la mahindi la kwao Kibabii: Mukhisa, Dinah, na Kimutai, rafiki yake Mukhisa wa kabila jingine, kutoka Kitale.

Kitabu kilikuwa na dini zake, miungu ya theluji yenye majina ya kuumiza ulimi. Mukhisa aliwakata wote kwa kalamu.

"Miungu gani hawa hawajui mahindi?" alisema. "Ati mtu anakufa, anaenda kukaa kwa ukumbi wa mawe, basi? Watu wanakufa wanarudi, bana."

"Kwetu mtoto anaitiwa majina mpaka apige chafya," Kimutai akasema. "Akichemua, huyo mzee amekubali."

"Kwetu ananyonya."

Wakayaandika yote mawili kwenye daftari, wakaiita Sheria ya Kurudi. Kila mfu ana nafasi moja ya kuitwa. Mwenye ukoo ataitwa, asiye na ukoo atasubiri nje. Siku Mayi, mama yao Nanyama, alipolisoma daftari lile, hakufoka. Alilirudisha mahali pake taratibu. "Hivi ni vitu vya watu," alisema. "Si vya kuchezea." Mukhisa alimchekea na kumwonyesha dadu. "Mayi, si hii ni plastiki tu?"

Mtu wa Mukhisa aliitwa Makhurundu. Kuhani, mchechemeaji, mwenye kofia ya ngozi ya mbega. Jina hilo alilitoa kichwani, na hakuna mtu wa ukoo wowote kutoka Bungoma hadi Kitale aliyewahi kuitwa hivyo. Alimpenda. Likizo nzima alisema kwa sauti yake, akala kwa mkono wake, akachechemea hadi kisimani mpaka Mayi akadhani ameumia.

Siku ya mwisho ya likizo, Dinah ndiye aliyekuwa mwongozaji. Alirusha dadu, ikatua kwenye moja, Makhurundu akafa.

Mukhisa aliumia kweli. Dinah, kwa ule ukatili wa dada mdogo, alimchokoza. "Tena huyo hana ukoo. Mtu wa karatasi hana mama. Nani atamwita?"

Mukhisa alifikiri. Kisha akasema, akitabasamu nusu, "Basi nampa nafasi yangu. Siku nikifa mimi nisiitwe. Aitwe yeye."

"Umesema?"

"Nimesema."

"Imekubaliwa," Dinah akasema, akaiandika kwenye daftari, akaweka sahihi.

Na pale pale, ndani ya vumbi la mahindi, Kimutai akapiga chafya.

Walicheka mpaka wakalala chini.

Sasa Dinah hakucheka. Alimtazama mwanawe kwenye mikono ya Agneta, akaona utosi ukibonyea na kupanda, ukibonyea na kupanda. Alitaka kakake. Alimtaka kwa uchungu ambao miaka minne haikuupunguza hata kidogo. Kulitamka jina lile kulikuwa kumfungia Mukhisa nje kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa mara ya pili. Kutolitamka kulikuwa kumzika mtoto.

Nje, kwenye ukuta wa upande wa mahindi, kitu kilikuwa kinatembea. Hatua moja nzito, moja nyepesi. Nzito. Nyepesi. Kikasimama mlangoni.

"Mama," Dinah akasema, "nipe mtoto."

Alimweka kifuani. Akainama mpaka midomo yake ikagusa sikio lile dogo, ili Agneta asisikie.

"Makhurundu," akanong'ona. "Kama ni wewe..."

Hakumaliza. Mtoto alikuwa ameshalishika titi.

Alinyonya kwa nguvu, kwa pupa, akimeza kwa sauti. Chumba kikajaa harufu ya vumbi la mahindi makavu, ya ghala lililofungwa muda mrefu, kisha harufu ikapotea. Nje pakawa kimya. Agneta alijifunika uso kwa leso akalia akimshukuru Mungu, na alipotulia akauliza kilichobidi kuulizwa.

"Umemwita nani?"

"Wa kwetu," Dinah akajibu.

"Ni nani? Nimjue."

"Ni wa kwetu, mama. Wa zamani."

Mtoto alinyonya macho wazi. Watoto wa siku kumi na moja hawaangalii, wanaelekeza tu macho mahali. Huyu aliangalia. Alimwangalia Dinah kwa makini na kwa upole, kama mgeni anayejua amefadhiliwa, na Dinah, Mungu amsamehe, akampenda.

Nanyama alifika asubuhi kutoka Kibabii, upande wa Bungoma, viatu vimejaa tope. Agneta alimpokea nje kwa bashasha na kumwambia kwamba mtoto amekubali jina la kwao, na yule mama hakungoja amalize. Aliingia peke yake akiwa ameshika mfuko wa karatasi. Ndani yake kulikuwa na sweta ndogo ya kijani kibichi. Alikuwa ameifumua sweta ya shule ya Mukhisa, nyuzi zote, akaifuma upya kwa saizi ya mtoto.

"Ni yeye?" akauliza.

Dinah alimtazama mamake. Miaka minne mwanamke huyu alikuwa amelala mlango ukiwa bila komeo, akimngoja mwanawe.

"Ndiye, Mayi."

Nanyama akamchukua mtoto. Akamvisha sweta, mkono wa kwanza, mkono wa pili, akamfunga vifungo, akamwita, "Mukhisa. Mukhisa wangu." Mtoto alimwangalia kwa adabu. Halafu akageuza macho taratibu kumtafuta Dinah, kama mtu anayeuliza ajibu nini.

"Nilijua," Nanyama akasema. Alikuwa analia na kucheka. "Jana nilisinzia kwa kiti, hata taa sijawasha, nikamwona. Amesimama kwa lango letu, amenyeshewa, mtoto wangu. Akaniambia, 'Mayi, huko wamenikatalia nafasi yangu.' Nikamwambia, ni nani anaweza kukukatalia? Enda kwa Dinah. Dada yako hawezi kukufungia."

Akambusu mtoto kwenye paji la uso.

"Akaniuliza, 'Una hakika, Mayi?' Nikamwambia nina hakika."

Dinah alinyoosha mikono. Alisema ni saa ya kunyonya.