Chungu Kilichooshwa kwa Mikono Miwili

Kahawa ilikuwa imetoka jikoni dakika hiyohiyo, bado inachemka kwenye bilauri, na Sarpan akaimeza yote kwa mkupuo mmoja mpaka machicha. Rumini, mkewe, alibaki na birika mkononi akimwangalia.

"Baba Laras, hujaungua?"

Sarpan alipitisha ulimi mdomoni. Hakusikia joto, hakusikia uchungu, hata ladha ya kahawa hakuipata. "Labda imepoa," alisema.

Rumini alichovya kidole ndani ya birika kuhakikisha. Alikiacha humo muda mrefu kuliko mtu mwenye akili timamu angekiacha, kisha akakitoa kikiwa chekundu, akakifuta kwenye nguo yake ya batiki. "Kweli, imepoa," alisema, na wakaendelea kula wali na tempe ya soya.

Chungu kilikuwa rafuni, juu ya redio. Sarpan alikuwa amekileta jana yake kutoka mtoni. Kiangazi kikikolea, Mto Solo hupungua mpaka mgongo wa mchanga ukajitokeza, na wanaume wa pande zile, mashamba yakiwa yamelala, hushuka na mashine zao za kutafutia metali, hedifoni masikioni, wakisaka vitu vya enzi za Waholanzi: sarafu, vifungo vya askari, risasi, vijiko. Ukiwaona kwa mbali utadhani wanaufagia mto. Wengi wao hupata misumari na vizibo vya soda, lakini hakuna anayerudi nyumbani kusimulia misumari.

Mashine ya Sarpan ilikuwa imetoa mlio mwembamba, na alipochimba akaibuka na chungu kidogo cha udongo, kifuniko chake kimegandishwa kwa utomvu wa mti. Ndani mlikuwa na matope meusi, sindano iliyoliwa na kutu, na sarafu moja ya shaba yenye picha ya simba. Jumadi, mwenzake wa miaka mingi, mtu ambaye mdomo wake haujui likizo, alisogea kuchungulia.

"Sarafu ya kawaida hiyo. Lakini chungu kizima, tena na kifuniko chake, hicho wanunuzi watagombania. Kioshe taratibu, usije ukakivunja kwa hayo makucha yako."

Sarpan alichuchumaa penye maji, akamwaga matope, akakiosha. Alikiosha kwa mikono yote miwili, macho mbele, bila kugeuka kushoto wala kulia. Hata hakuwaza. Miezi minne nyuma, binti yake Laras alipozaliwa, ndivyo alivyoosha kondo la nyuma, kazi ambayo ni ya baba na haipewi mtu mwingine: mikono yote miwili, mtoto asije akawa wa mkono mmoja, macho mbele, asije akawa na makengeza. Kisha kondo likatiwa chunguni pamoja na chumvi na sindano, likazikwa kando ya mlango. Mikono ilikuwa imejifunza, na mikono haiulizi.

"Mwangalieni huyu," Jumadi alisema akiwasha sigara yake ya karafuu. "Anaosha kama aliyezaa leo."

Sarpan alicheka. Siku hiyo alikuwa bado anaweza kucheka.

Baada ya hapo nyumba ilipoa. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyelia. Rumini alipika bila chumvi na hakuna aliyegundua, mpaka Jumadi alipopita kuuliza mbona mwenzake haonekani mtoni, akaonja mboga, akaitema kwenye kiganja.

"Nyie mnakula nini humu?"

Walimtazama, wote wawili, wakaendelea kula. Jumadi akakumbuka ghafla kwamba ana kazi kwake.

Kila asubuhi chungu kilikutwa na maji. Rumini alikikausha kwa kitambaa, na kesho yake kikawa na maji tena, meupe kidogo, yenye harufu ya matope na harufu nyingine ambayo ilimchukua Sarpan muda kuitambua. Ilikuwa harufu ya utosi wa mtoto mchanga. Na maziwa ya Rumini yakaanza kupungua.

"Ananyonya mno," Rumini alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza hali ya hewa. "Namlaza, nageuka, namkuta ana njaa tena. Halafu anakonda. Hebu mshike uone."

Sarpan alimpokea mtoto. Mikono haikumwambia kitu. Ilikuwa sawa na kushika furushi la nguo. Aliona kwa macho tu kwamba mashavu ya Laras yameingia ndani. Alijua kwamba baba mwingine yeyote angeogopa, akaisubiri hofu ije, na haikuja. Akamrudisha kwa mama yake.

Jioni moja, jua likizama, saa ambayo kila mama wa kijiji kile huwa ameshamwingiza mtoto ndani, Sarpan aliingia sebuleni akamkuta Laras amelala chali mkekani peke yake, macho wazi, amenyamaza, na kutoka mlango wa nyuma akasikia Rumini akiimba wimbo wa kubembeleza, polepole, uleule ambao hakuwahi kumwimbia mwingine ila Laras, na chini ya wimbo kulikuwa na sauti nyingine, ya kunyonya, ya mdomo wenye uchu usiotulia hata kuvuta pumzi, naye alipofika mlangoni akamwona mkewe ameketi kizingitini amempa mgongo, mbeleko imefungwa begani, na ndani ya mbeleko kitu kinajongea, kizito, kinachuruzika maji ambayo yalikuwa yameshapita katikati ya vidole vya miguu yake yeye Sarpan na kuingia ndani mpaka chini ya rafu ya chungu, wala hakuwa ameyasikia.

"Mama Laras," alinong'ona. "Umembeba nani?"

"Laras."

"Laras yuko mkekani."

Wimbo ukakatika. Kunyonya hakukukatika. "Basi wako wawili," Rumini alisema, bila kugeuka.

Moyo wa Sarpan haukwenda mbio hata kidogo, na hilo ndilo lililomtoa nyumbani. Alipita sebuleni, akamruka mtoto mkekani, akatoka. Kumchukua hakukumjia akilini kabisa. Aliondoka mikono mitupu.

Bibi Ngatirah, mkunga aliyempokea Laras na nusu ya kijiji kabla yake, alikuwa barazani anachambua pilipili. Alimsikiliza mpaka mwisho. Watu walimfuata kwa uzazi, na kwa yale mengine pia, ambayo hayasemwi mchana.

"Ulikiosha vipi?" aliuliza.

Sarpan alimwonyesha hewani. Bibi alimshika vifundo vya mikono, akaishusha.

"Hicho ni chungu cha kondo, mwanangu. Zamani wengine waliviachia mtoni, na taa juu yake, na dua. Hiki walikizamisha gizani. Mtoto wa kufichwa huyo, hakuna baba aliyemwosha, na mtoto mwenyewe nadhani alikwenda majini pamoja na kondo lake. Jini wa mto akamchukua akamlea. Halafu umekuja wewe, mikono miwili, macho mbele. Atakuitaje, kama si baba?"

"Sikujua, Bibi."

"Mikono yako ilijua." Alisukuma pilipili pembeni. "Na hiyo ganzi ni yake. Mzazi asiyesikia kitu hawezi kuchagua."

Akamweleza la kufanya, kwa sauti ya chini, macho yake barabarani. Amshike mwanawe kifuani, amtaje kwa jina, aseme huyu ndiye wangu. Aliyeshikwa hubaki. Mwingine hurudi chunguni, nacho kiachiwe mtoni na taa yake, ganzi itoke nacho. "Wako ana joto. Yule ni baridi. Hata kipofu hakosei."

"Bibi, mikono yangu haisikii kitu. Hata hapa uliponishika."

Mkunga aliiachia mikono ile. "Mama yake je?"

"Naye vilevile."

"Mimi siwezi kukugusia. Mkono wa nje ukimgusa kabla hajatajwa, mtawakosa wote." Alisimama, akajifunga nguo vizuri. "Twende. Tusikawie."

Walimkuta Rumini sebuleni, taa imewashwa, watoto wawili mapajani. Nywele zilezile, mashavu yaleyale yaliyoingia ndani. Hakuna aliyelia. Harufu ya matope ilikuwa imejaa chumba kizima. Bibi Ngatirah alibaki mlangoni.

"Mimi nawaona wote wangu," Rumini alisema. "Chagua wewe, Baba Laras."

Sarpan alipiga magoti, akawagusa mikono, akawagusa nyayo, akaweka shavu kwenye paji la huyu na la yule, akaweka midomo, akaweka hata ulimi kama mnyama, akirudi kwa wa kwanza na kwenda kwa wa pili na kurudi tena, naye akiomba kimoyomoyo apate chochote, joto la kope moja tu lingemtosha, lakini wote wawili walikuwa si moto wala baridi, walikuwa hewa, na nyuma yake Bibi alikuwa anahema na dakika zinakwenda. Mmoja aligeuza uso, akatazama dari kwa uchovu. Mwingine alimtazama yeye, akatabasamu.

Akamwinua aliyetabasamu. "Huyu ni Laras," alisema. "Huyu ndiye wangu."

Kwenye mapaja ya Rumini pakabaki nguo iliyolowa. Rafuni, kifuniko cha chungu kikagonga mara moja, kikatulia.

Mtoto alibaki na Rumini. Mtoni Bibi alipachika taa juu ya kifuniko, akasoma alichosoma, na Sarpan akakiweka majini. Hakikwenda. Kilizunguka pale pale karibu na mguu wake, na kutoka ndani kikaja kilio, chembamba, cha kukatakata.

"Hulia," Bibi alisema. "Usimsikilize. Kisukume."

Alikisukuma kwa mpini wa koleo mpaka mkondo ukakichukua. Taa ilipopita kona ya mto, vidole vyake vikaanza kuchoma. Kisha akasikia mchanga chini ya nyayo, mbu shingoni, jasho, na hofu yote ya siku zile ikamwangukia kwa pamoja na furaha juu yake, akalia kama mtoto, Bibi akimpapasa mgongo. Njia ya kurudi aliikimbia.

Rumini alikuwa amesimama mlangoni na mtoto kifuani. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Imetoka," Sarpan alisema. "Mama Laras, nasikia kila kitu."

"Hata mimi," Rumini alisema, akamkabidhi mtoto.

Sarpan alimpokea kwa mikono miwili. Ubaridi ulimpanda mpaka viwikoni, ubaridi wa kitu kilichotolewa chini ya mto. Alimtazama mkewe. Kisha akatazama nyuma, kule mtoni, ambako hakukuwa na mwanga wowote.

"Alilia?" Rumini aliuliza.

"Alilia."

Mtoto alikuwa ameanza kugeuza kichwa huku na huku, mdomo wazi, akitafuta. Rumini alinyoosha mikono akamchukua tena, akaketi, akafungua vifungo vya blauzi yake kimoja kimoja.

"Ana njaa," alisema. "Sasa tufanyeje, Baba Laras? Ana njaa."